Kuendesha kwa usalama gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma: mwongozo kwa anayehama kutoka IST kwenda Mark X

Dereva aliyezoea IST, Vitz au Passo kwa miaka kadhaa, kisha akanunua Mark X au Crown, hutambua mapema kwamba gari jipya ni zito, limetulia barabarani, na injini yake inaitikia haraka. Jambo lililo muhimu zaidi huenda asilione kiangazi chote, kwa sababu hujitokeza pale tu lami inapolowa au kona inapokuwa kali kuliko alivyodhani. Nguvu ya injini haiendi tena kwenye magurudumu ya mbele ambayo usukani unayaongoza. Inakwenda nyuma, na kwa hiyo mguu wa kulia wa dereva umepata uwezo wa kugeuza gari hata pale mikono yake haijasogea. IST ya cc 1300 ina nguvu ya farasi 87 hivi, na Mark X ya cc 2500 ina zaidi ya 200. Anayekanyaga mafuta ya Mark X kwa mazoea ya IST huomba nguvu zaidi ya mara mbili, na huiomba kutoka kwa matairi ambayo hajawahi kujifunza kuyasikiliza.

Naandika nikiwa na Mark X akilini kwa kuwa ndiyo gari la aina hii ambalo vijana wengi wa Tanzania na Kenya hulinunua likiwa limetumika Japani, ambako lilitengenezwa kuanzia mwaka 2004 hadi 2019 baada ya Mark II. Maelezo yanafaa vilevile kwa Mark II yenyewe, Crown, Altezza, BMW na Mercedes-Benz za kusukuma nyuma, na kwa sehemu kubwa yanafaa kwa Hiace, Hilux na Suzuki Carry ambayo wengi wetu tunaiita Kirikuu.

Hatua ya kwanza: thibitisha gari lako ni la aina gani

Usitegemee jina peke yake. Town Ace Noah na Lite Ace Noah za mwaka 1996 na kuendelea zina injini chini ya viti vya mbele na husukuma nyuma, ilhali Noah zilizoanza kutengenezwa mwaka 2001 huvuta kwa mbele, na barabarani zote huitwa Noah tu. Mark X na Crown nyingi husukuma nyuma, lakini zipo zilizoandikwa "Four", ambazo hutumia magurudumu yote manne. Njia ya uhakika ni kuchungulia chini ya gari likiwa limeegeshwa mahali tambarare: ukiona propela shafti imepita katikati hadi kwenye difu iliyo kati ya magurudumu ya nyuma, na huku mbele hakuna shafti zinazokwenda kwenye magurudumu, gari lako husukuma nyuma pekee.

Hatua ya pili: elewa kinachoendelea chini ya matairi

Kila tairi lina kiasi fulani cha mshiko, na kiasi hicho hutumika kwa kazi tatu: kuongeza mwendo, kupunguza mwendo, na kugeuka. Ukitumia sehemu kubwa ya mshiko kwa kazi moja, sehemu inayobaki kwa kazi nyingine ni ndogo. Katika gari linalovuta kwa mbele, matairi ya mbele ndiyo yanayofanya karibu kazi zote, na dereva akizidisha mwendo kwenye kona, pua ya gari husogea kuelekea nje. Akiachia mafuta, kwa kawaida gari hurudi njiani. Kosa hilo linamtisha dereva, lakini linasahihishwa na jambo ambalo mtu mwenye hofu hulifanya bila kufundishwa.

Katika gari linalosukuma nyuma, mafuta yakizidi kwenye kona, matairi ya nyuma ndiyo yanayoishiwa mshiko. Sehemu ya nyuma hutoka kuelekea nje ya kona, na pua huingia ndani zaidi kuliko dereva alivyokusudia. Hapo hofu haimsaidii, na sababu yake ni uzito. Gari linapopunguza mwendo, uzito wake huegemea mbele kama abiria waliosimama kwenye daladala dereva anapofunga breki. Linapoongeza mwendo, uzito huegemea nyuma. Dereva aliyeingia kona kwa kasi akashtuka na kuinua mguu ghafla kutoka kwenye mafuta, au mbaya zaidi akakanyaga breki, huondoa uzito nyuma wakati uleule ambapo matairi ya nyuma yanauhitaji ili kushika barabara. Kwa hiyo kuzidisha mafuta kunaweza kuitoa nyuma, na kuyaachia kwa ghafla kunaweza kuitoa pia.

Mazoezi yote yaliyomo katika mwongozo huu yanakusudia jambo moja, nalo ni kuufundisha mguu wa kulia kuongeza na kupunguza polepole, kwa kipimo, hata moyo unapokwenda mbio.

Hatua ya tatu: anza na matairi

Mtu anaweza kuwa na ustadi mkubwa na bado akaserereka kwa sababu ya tairi bovu, na magari yanayotoka Japani yana tatizo lao ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi bandarini. Baadhi hufika yakiwa na matairi ya theluji. Ubavuni mwa tairi utaona neno STUDLESS, au alama ya mlima wenye chembe ya theluji ndani yake. Matairi hayo yana mpira laini uliokusudiwa barabara yenye baridi kali. Kwenye lami ya Dodoma au Mombasa mpira huo hulegea, huisha haraka, na hulifanya gari liyumbe kwenye kona na kuchelewa kusimama. Yanaweza kuonekana mapya kabisa kwa macho, na ndiyo maana watu huyaacha. Yabadilishe kabla ya jambo jingine lolote, hata kabla ya redio na rimu.

Kisha soma umri. Ubavuni kuna herufi DOT, na mwisho wa mfululizo wake kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la miaka mingi hukauka na kupoteza mshiko hata kama meno yake ni marefu. Meno nayo yapime. Vijinundu vidogo vilivyo ndani ya mifereji ya tairi huonyesha kimo cha milimita 1.6, ambacho nchi nyingi zimekiweka kuwa mwisho wa matumizi. Lakini uwezo wa tairi kutoa maji hupungua sana kabla ya kufika hapo, na kwa gari lenye nguvu linalosukuma nyuma, milimita 3 ni mahali pa busara pa kuliaga.

Ukinunua matairi mawili mapya, yafunge nyuma. Mafundi wengi watakuambia uyafunge mbele, na kwa gari la kuvuta kwa mbele ushauri wao unaonekana una mantiki, lakini watengenezaji wakubwa wa matairi hushauri mapya yawekwe nyuma katika gari lolote, kwa kuwa mbele pakiteleza dereva bado anaweza kupunguza mwendo na kurudi njiani, ilhali nyuma pakiteleza gari huzunguka. Matairi ya ekseli moja yawe ya aina moja, kipimo kimoja, na uchakavu unaofanana. Kuchanganya tairi jipya na kipara kwenye ekseli ya nyuma kunailazimisha difu kufanya kazi isiyo ya lazima na kunalifanya gari liondoke upande likikanyagiwa mafuta.

Upepo upime asubuhi, gari likiwa halijatembea, na ufuate karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari ya Japani huandika kipimo kwa kPa: 220 ni psi 32, na 230 ni psi 33. Ukimwachia kijana wa upepo akadirie, mara nyingi atajaza hadi 40 kwa nia njema ya kukusaidia, na tairi lililojaa kupita kiasi hugusa barabara kwa sehemu ndogo ya katikati.

Hatua ya nne: kagua taa za dashibodi na miguu ya gari

Mark X nyingi zina mfumo wa VSC, ambao hupima kama gari linaelekea kule usukani unakotaka na, likianza kupotea, hushika breki ya gurudumu moja moja na kupunguza nguvu ya injini. Toyota iliuanzisha kwenye Crown Majesta mwaka 1995. Sehemu yake nyingine, TRC, huzuia magurudumu ya nyuma yasizunguke bure. Taa ya gari lenye mistari ya kupindapinda ikimeta wakati unaendesha, mfumo unafanya kazi na unakuambia kwamba umefika ukingoni mwa mshiko. Ikiwaka bila kuzima, mfumo umezimwa au una hitilafu.

Wamiliki wengi huishi na taa hiyo kwa miezi. Katika Toyota nyingi, hitilafu ya injini inayowasha taa ya injini huizima VSC pia, kwa hiyo kihisi kidogo kilichokufa kwenye injini kinaweza kukuacha bila msaada kwenye kona siku ya mvua. Tengeneza hilo kabla ya kuanza mazoezi. Mwambie fundi akague shokapu, bushi za nyuma na alaimenti ya magurudumu yote manne, si ya mbele pekee, maana gari la aina hii lina marekebisho ya nyuma pia, na gurudumu la nyuma lililopinda huligeuza gari taratibu bila ruhusa yako.

Hatua ya tano: keti sawasawa

Sogeza kiti mpaka ukikanyaga breki hadi mwisho goti libaki limekunjwa kidogo, na mgongo wako usiachane na kiti. Ukinyoosha mkono, kifundo chako kifike juu ya usukani bila bega kuinuka. Shika usukani pande zake mbili, kushoto na kulia, katikati ya kimo chake. Kuegemea mlango na kushika usukani kwa mkono mmoja juu hupendeza mjini, lakini mtu aliyeketi hivyo hawezi kuzungusha usukani haraka wala kuurudisha, na zaidi ya hayo hazisikii dalili za kwanza za kuserereka, ambazo hufika kupitia makalio na mgongo kabla ya kufika machoni.

Hatua ya sita: jifunze uwanjani kabla ya kujifunza barabarani

Tafuta uwanja mpana, tambarare, usio na miti, nguzo, mitaro wala kingo za zege, uliolowa kwa mvua au kwa maji, na upate ruhusa ya mwenyewe. Uwanja wa changarawe nyepesi au lami ya zamani iliyolowa unafaa sana, kwa kuwa gari hupoteza mshiko kwa mwendo mdogo na matairi hayaungui. Barabara ya umma haifai hata saa nane za usiku. Awepo mkufunzi au dereva mzoefu wa magari ya kusukuma nyuma katika kiti cha pembeni, mikanda ifungwe, vitu vyote vilivyolegea vitolewe ndani na kwenye buti, na mtu yeyote anayetazama asimame mbali, nyuma ya gari lingine au ukuta. Mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa. VSC ibaki imewashwa katika mazoezi yote, isipokuwa mkufunzi aamue vingine.

Zoezi la kwanza ni kuondoka. Simama, kisha ondoka kwa namna ambayo taa ya TRC haimeti kabisa. Rudia ukiwa umegeuza usukani nusu. Utagundua kwamba ukiwa umegeuza, kiasi cha mafuta kinachoruhusiwa ni kidogo zaidi, na hapo maelezo ya hatua ya pili yanaanza kuingia mwilini.

Zoezi la pili ni kusimama. Nenda moja kwa moja kwa kilomita 30 kwa saa, ukanyage breki kwa nguvu zako zote na usiilegeze. Pedali itatetemeka chini ya mguu na utasikia mngurumo; hiyo ni ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasikwame breki ikikanyagwa kwa nguvu, inafanya kazi yake, na wengi huinua mguu hapo wakidhani wameharibu kitu. Rudia mpaka mguu ubaki chini. Kisha fanya hivyo huku ukilikwepa debe tupu la plastiki uliloliweka mbele, ili uone kwamba gari lenye ABS bado linatii usukani breki ikiwa imekanyagwa yote.

Zoezi la tatu ndilo lenye mafunzo mengi kuliko yote, na linastahili asubuhi nzima. Weka madebe kuonyesha duara la upana wa mita 30 hivi, na ulizunguke kwa kilomita 15 hadi 20 kwa saa, mwendo usiobadilika. Bila kusogeza usukani, ongeza mafuta kidogo sana, usubiri, uongeze tena. Utahisi gari likianza kusogea nje ya duara, kisha, mafuta yakizidi, nyuma ikianza kulegea. Punguza polepole, na nyuma itatulia. Fanya hivyo mara nyingi, ukizunguka kuelekea kulia na kuelekea kushoto. Halafu, ukiwa kwenye duara lilelile na mwendo uleule, inua mguu ghafla. Pua itaingia ndani na nyuma itakuwa nyepesi, pengine itoke kidogo. Hakuna maelezo ya maandishi yanayoweza kumpa mtu hisia hiyo, na mimi naamini kwamba dereva aliyeisikia akiwa na mkufunzi pembeni, kwa mwendo wa baiskeli, ana nafasi kubwa ya kutoinua mguu ghafla siku atakapoihitaji akili yake.

Zoezi la nne ni kulirudisha gari njiani sehemu yake ya nyuma ikiwa imetoka, na hili mkufunzi alisimamie neno kwa neno. Nyuma ikitoka upande wa kushoto, zungusha usukani kushoto. Ikitoka kulia, zungusha kulia. Njia rahisi zaidi ya kukumbuka ni macho: tazama mahali unapotaka kwenda, si mahali unapoelekea kugonga, na mikono itafuata. Wakati huohuo punguza mafuta kwa ulaini. Gari la gia za mkono, kanyaga klachi. Usiguse breki. Kisha, mara tu unapohisi nyuma inaanza kurudi, rudisha usukani katikati bila kuchelewa. Wanaojifunza hushughulika sana na nusu ya kwanza ya zoezi hili na kuisahau ya pili, ndipo nyuma inaporudi kwa kasi na kuruka upande wa pili, na mruko huo wa pili huwa mkali kuliko wa kwanza. Usiendelee na barabara mpaka kurudisha usukani kuwe jambo ambalo mikono inalifanya yenyewe.

Hatua ya saba: kona na milima

Barabarani, kazi ya breki iishe kabla ya kona kuanza. Punguza mwendo gari likiwa limenyooka, ingia ukiwa na mafuta kidogo yasiyobadilika ili uzito ubaki umegawanyika vizuri, na anza kuongeza pale tu usukani unapoanza kunyooka. Usukani ukiwa umekunjwa sana, mguu uwe mwepesi. Unavyonyooka, mguu unaruhusiwa kuzama. Kwenye barabara nyembamba ya kutoka Mombo kupitia Soni kwenda Lushoto, ambako kona hufuatana na hujui nini kinakuja upande wa pili wa mwamba, ingia kwa mwendo ambao unaweza kusimama ndani ya sehemu ya barabara unayoiona.

Mteremko unahitaji uangalifu wa pekee. Unaposhuka Kitonga ukitoka Iringa, au ule mteremko wa zamani wa Mai Mahiu nchini Kenya, uzito umeshaegemea mbele kabla hujagusa breki, na nyuma tayari ni nyepesi. Kushusha gia ili injini ishikilie gari ni jambo jema na huzuia breki zisichemke, lakini kumbuka kwamba katika gari hili injini hushikilia kupitia magurudumu ya nyuma pekee. Kushusha gia mbili kwa mpigo ukiwa ndani ya kona iliyolowa ni sawa na kuvuta breki ya mkono. Chagua gia kabla ya kuanza kushuka, wakati gari limenyooka, na ushuke nayo hadi chini.

Kulipita gari lingine nako kuna mtego wake. Gia otomatiki ya Mark X, ukikanyaga mafuta ghafla, husita kidogo, kisha hushuka gia na kuleta nguvu yote kwa pamoja. Dereva anayekanyaga hivyo huku akizungusha usukani kutoka nyuma ya lori, lami ikiwa na maji, hupokea nguvu hiyo wakati matairi ya nyuma yanageuka. Acha nafasi kubwa nyuma ya lori, sogea kwanza upande wa pili kwa mafuta kidogo baada ya kuhakikisha njia ni nyeupe, nyoosha usukani, ndipo uongeze. Ikiwa nafasi haitoshi kufanya hivyo kwa utulivu, nafasi hiyo haikutosha kupita.

Hatua ya nane: mvua

Dakika za kwanza za mvua baada ya kiangazi kirefu ni za hatari, kwa sababu vumbi, mafuta ya malori na mpira uliosagika huchanganyika na maji machache na kufanya utando wa utelezi ambao mvua kubwa bado haijauosha. Punguza mwendo mara matone ya kwanza yanapogonga kioo. Jihadhari na alama zilizopakwa rangi barabarani, vyuma vya reli, na mifereji miwili ambayo malori yameichimba kwenye lami ya njia kuu, kwa kuwa maji hukaa humo na tairi lako hupita humohumo. Endesha pembeni kidogo ya mifereji hiyo pale upana wa njia yako unaporuhusu.

Maji yakiwa ya kina cha kutosha, tairi huacha kugusa lami na kuelea. Watafiti wa NASA nchini Marekani, walipochunguza matairi ya ndege, walichapisha mwaka 1963 kanuni inayohusisha mwendo wa kuelea na upepo wa tairi. Kwa kanuni hiyo, tairi lenye psi 32 huelea karibu kilomita 94 kwa saa, na lenye psi 25 karibu kilomita 83. Tairi lililochakaa linaweza kukaribia hesabu hiyo kwenye dimbwi, kwa hiyo kilomita 100 kwa saa kwenye lami inayong'aa maji ni mwendo ambao unaweza kukuondolea usukani, breki na VSC kwa pamoja. Usukani ukiwa mwepesi ghafla na mlio wa injini ukipanda bila gari kuongeza mwendo, unaelea. Inua mguu taratibu, shika usukani ukiwa umenyooka, usifunge breki, na usubiri matairi yaguse. Kruzi, yaani mfumo unaoshikilia mwendo bila mguu wako, isitumike kamwe wakati wa mvua, kwa sababu haijui kwamba matairi yameacha barabara.

Baadhi ya Mark X na Crown zina kitufe kilichoandikwa SNOW karibu na gia. Theluji hatuna, lakini kitufe hicho huifanya injini iitikie mguu kwa upole zaidi, na kinafaa sana kwa kuondoka kwenye matope au lami yenye maji.

Hatua ya tisa: tope, changarawe na gari tupu

Pikapu tupu na Kirikuu isiyo na mzigo zina uzito mdogo sana nyuma, na kwenye tope huzungusha magurudumu pasipo kusogea. Mifuko michache ya mchanga, jumla kilo 50 hadi 100, iliyofungwa imara karibu na ekseli ya nyuma, hubadilisha hali hiyo. Isifungwe mwishoni kabisa mwa bodi, maana huko huinua mbele na kuuondolea usukani mshiko.

Barabara za udongo hutengenezwa zikiwa zimeinuka katikati ili maji yatiririke. Zikilowa, nyuma ya gari hutelezea mtaroni hata kama mbele inakwenda sawa, na ukiongeza mafuta kujinasua inatelezea haraka zaidi. Tembea katikati ya barabara kwa mwendo wa chini pale ambapo hakuna gari linalokuja, kwa gia ya pili, na mafuta yasiyobadilika. Ukikwama, zima TRC kwa muda, kwa kuwa itakata nguvu kila gurudumu linapozunguka. Katika Toyota nyingi kubonyeza kitufe mara moja huzima TRC, na kukishikilia sekunde kadhaa gari likiwa limesimama huzima VSC pia, kwa hiyo bonyeza mara moja tu na uiwashe tena ukishatoka. Ukiona gurudumu moja linazunguka na lingine limetulia, acha mara moja: difu ya kawaida hupeleka nguvu kwenye gurudumu lenye mshiko mdogo, na kuendelea kukanyaga kunachimba shimo na kuichemsha difu. Chimba mbele ya tairi, weka mawe, matawi au mikeka ya sakafu ya gari, kisha toka polepole.

Hatua ya kumi: nyuma ikitoka kweli barabarani

Fanya yaleyale ya uwanjani: macho kwenye njia, mafuta kwa ulaini, usukani kuelekea upande ambao nyuma inaelekea, kisha uurudishe. VSC itakuwa inafanya kazi pamoja nawe, na inahitaji usukani wako uionyeshe unakotaka kwenda. Breki ya kuegesha, ambayo katika Mark X nyingi ni ya mguu, usiiguse, kwa kuwa nayo hushika nyuma.

Lakini gari likishapita kiasi na kuanza kuzunguka kabisa, mbinu hubadilika. Kanyaga breki yote na uishikilie, na kama ni gia za mkono kanyaga klachi pia. Gari linalozunguka huku breki zikiwa zimeshika husimama kwa umbali mfupi zaidi, na njia yake hutabirika zaidi kwa wanaokuja, kuliko lile ambalo dereva anaendelea kulipigania.

Likisimama, washa taa za hadhari, liondoe barabarani mara tu inapowezekana, uwatoe abiria upande usio na magari, na uweke pembetatu mbali nyuma. Kagua matairi yote ubavuni na ndani, kwa sababu tairi lililoserereka kwa upande linaweza kuwa limeachana na rimu kidogo au limepoteza upepo, na tazama kama usukani umebaki sawa gari likienda moja kwa moja kwa mwendo mdogo. Gari likivuta upande, au taa ya VSC ikibaki inawaka, lipeleke kwa fundi kwa mwendo wa chini au livutwe. Ukishabadilisha matairi au kutengeneza miguu ya gari, rudi uwanjani ufanye tena zoezi la duara kabla ya safari ndefu, kwa kuwa kiasi cha mafuta ambacho matairi ya zamani yalikuvumilia huenda kikawa kingi au kidogo kwa haya mapya.